Zebaki migodini: Minamata inambana mama wa mwaloni, mwenye vati haguswi. Tujadili

Kijana wa Mgusu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila mkutano wa kimataifa wa zebaki ukiisha tunasikia agizo lilelile: wachimbaji wadogo waelimishwe madhara, waache. Mimi nipo kwenye uchenjuaji huku Geita. Nimepita kwenye karasha (mashine za kusagia mawe), nimepita mialoni (sehemu za kuoshea mchanga wa dhahabu), sasa niko kwenye vati, yaani matangi ya kuloweka mchanga kwa sainaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, na nasema wazi: tunambana mtu asiye na uwezo wa kubadilika, na yule mwenye uwezo haguswi. Naleta hoja ijadiliwe, hasa na wenzetu wa Kahama, Chunya, Migori na Kivu.

Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulipitishwa Japani Oktoba 2013, ukaanza kufanya kazi 16 Agosti 2017. Uganda waliuridhia 2019, sisi 2020. Jina ni la mji wa wavuvi ambako kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini kuanzia miaka ya 1930. Samaki wakaibeba, watu wakala samaki, watoto wakazaliwa ubongo umeharibika. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi Mei 1956 lakini umwagaji ukaendelea hadi 1968. Miaka kumi na miwili watu wanajua, na mwenye kiwanda anaendelea. Nawaomba mkumbuke hilo mnaposoma yanayofuata.

Ibara ya 7 ya mkataba inahusu sisi. Nchi yenye uchimbaji mdogo wa dhahabu unaotumia zebaki kwa wingi lazima iwe na mpango wa taifa, na mpango huo lazima uondoe matendo manne: kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa badala ya ule mchanga mzito tu, kuchoma donge la zebaki mahali pa wazi, kulichoma kwenye makazi ya watu, na kuloweka kwenye sainaidi marudio (mchanga uliobaki baada ya kuosha) ambayo bado yana zebaki. Semina zote nilizohudhuria zinazungumzia la pili na la tatu. La nne linatajwa kwa sentensi moja, kisha tunaenda kunywa chai.

Kwa wasiowahi kufika mwaloni, kinachofanyika ni hiki. Mawe yanatoka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, yanasagwa kwenye karasha hadi kuwa unga, unga unapitishwa na maji juu ya ubao uliotandikwa zulia, kile kizito kinanasa kwenye nyuzi. Mama anakung'uta zulia ndani ya karai, anatia zebaki kidogo, anakanda kwa mikono mitupu. Zebaki inakusanya chembe za dhahabu. Anakamua kwenye kitambaa, linabaki donge jeupe kama nusu yake zebaki. Analiweka juu ya kifuniko cha kopo, kopo juu ya mkaa. Baada ya muda weupe unaondoka, inabaki dhahabu yenye vitundu vitundu. Ule weupe umeingia hewani, hauna rangi wala harufu, na takriban asilimia 80 ya mvuke anaouvuta mtu huingia mwilini kupitia mapafu. Unakwenda kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito unavuka kondo hadi kwa mtoto. Jiko hilohilo jioni linapikiwa ugali.

Human Rights Watch waliandika mwaka 2013 kuhusu watoto wanaofanya kazi hii Chunya, Geita na Kahama, wengine wa miaka minane. Tanzania ilikuwa imesharidhia Mkataba Na. 182 wa Shirika la Kazi Duniani tangu 2001. Kanuni zetu za mazingira kwa wachimbaji wadogo za 2010 zilishataka watu wachomee kwenye ritoti, yaani chombo kilichofungwa kinachorudisha zebaki. Karatasi hazikukosekana.

Sasa fuateni marudio, maana picha za kwenye ripoti huishia kwenye lile jiko.

Zebaki inakamata dhahabu kidogo sana, mara nyingi haifiki nusu ya iliyomo kwenye jiwe. Iliyobaki imo kwenye marudio. Makarasha mengi utaratibu ni kwamba marudio yanabaki kwa mwenye karasha kama sehemu ya malipo yake. Anayarundika, anauzia wenye vati au analoweka mwenyewe. Sainaidi inatoa ile dhahabu iliyobaki. Maana yake aliyevuta mvuke kapata sehemu ndogo ya jiwe lake, na sehemu nono imekwenda kwa mtu ambaye hakuigusa zebaki.

Sainaidi nayo haichagui. Inayeyusha dhahabu na inayeyusha zebaki. Ikishayeyuka hivyo, zebaki inasafiri na maji kirahisi kuliko ilipokuwa imelala kwenye mchanga. Nyingine inanasa kwenye kaboni, ule mkaa wa kunasia dhahabu, na siku ya kuchoma kaboni inatoka tena kama mvuke. Wanaosimama kwenye tanuru siku hiyo wanajua namna kichwa kinavyogonga usiku. Bwawa likivuja, kinachofika mtoni kinageuzwa na bakteria wa kwenye tope kuwa ile zebaki ya Minamata, inayopanda kutoka kijidudu hadi samaki mdogo hadi sangara. Sisi watu wa Kanda ya Ziwa hatuna haja ya kuelezwa samaki ni nini kwetu.

Kwa hiyo hoja yangu: tendo la nne ndilo la kuanza nalo, kwa sababu lina anwani. Mwenye vati ana leseni ya uchenjuaji, ana cheti cha mazingira cha NEMC (baraza la mazingira la taifa), ana kibali cha sainaidi kutoka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Anajulikana kwa jina na kwa kiwanja. Wachimbaji wadogo wako zaidi ya milioni moja na wanahama kila kukiwa na rashi mpya, yaani dhahabu ikionekana kwingine. Wenye vati unaweza kuwaita kwenye ukumbi mmoja wa mkoa wakaenea.

Leseni iseme: huruhusiwi kupokea marudio yaliyopitishwa zebaki. Unanunua unga kutoka karasha kabla haujaguswa, kwa sampuli iliyopimwa, unalipa papo hapo. Mchimbaji anapata bei ya jiwe lake lote badala ya kuokota kinachonaswa na zebaki, nawe unabaki na dhahabu yote. Huko Peru kuna mitambo inayonunua mawe ya wachimbaji wadogo kwa kipimo, na malalamiko yao makubwa ni wizi kwenye vipimo. Tatizo hilo ni kubwa ila linatibika: maabara isiwe ya mnunuzi.

Ushirikiano wa kimataifa unaingia wapi? Hadi sasa umebana biashara ya zebaki yenyewe. Ulaya ilipiga marufuku kuuza zebaki nje 2011, Marekani 2013. Mkataba unataka nchi inayopokea itoe ridhaa ya maandishi. Matokeo yake njia za biashara zimehama, na zebaki bado inafika mwaloni kwa njia za panya. Mpango wetu wa taifa ulikadiria tunatumia tani kama 18 kwa mwaka. Dunia nzima, tathmini ya Umoja wa Mataifa ya 2018 ilikuta uchimbaji mdogo unatoa tani zipatazo 838 za zebaki hewani kwa mwaka, asilimia 38 ya yote inayotokana na shughuli za binadamu. Hakuna sekta inayoukaribia.

Na bado mkataba haujauwekea mwaka wa mwisho. Novemba 2025 kule Geneva nchi wanachama zilikubaliana zebaki ya kuzibia meno ikome ifikapo 2034. Ya migodini, Ibara ya 7 inasema ipunguzwe na "pale inapowezekana" iondolewe. Marcos Orellana, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa haki za binadamu na sumu, aliliambia Baraza la Haki za Binadamu mwaka 2022 kwamba hilo ni pengo. Nakubaliana naye. Ila naongeza: tarehe ikija bila mtaji wa kununulia unga wa mwaloni, uchomaji utaingia chumbani na dirisha litafungwa.

Wenye mtaji wako kule dhahabu inakoishia, Dubai na kwa wasafishaji wa Uswisi. Mwongozo wa OECD, ule umoja wa nchi tajiri, ambao wanunuzi wakubwa wanaufuata, uliandikwa kwa ajili ya vita, rushwa na ajira ya watoto. Mazingira yalikuja kupewa kitabu chake 2023. Mnunuzi anaulizwa dhahabu imetoka kwa waasi au la. Aulizwe pia: marudio yake yaliishia wapi?

Nawasilisha. Nakaribisha kupingwa.

---

Mama Nyarugusu

Mdogo wangu, asante kwa kuandika kama mtu aliyefika. Mimi nakanda zebaki tangu binti yangu mkubwa hajazaliwa. Madhara nayajua, mikono inatetemeka nikishika sindano ya kushonea.

Wataalamu wanapokuja wanasahau kuuliza habari ya siku yenyewe. Nikimaliza kuosha, mwenye karasha anasubiri hela yake, aliyenibebea mawe anasubiri yake, na watoto hawajala. Donge langu lazima liwe hela kabla ya magharibi. Vati ni siku nyingi. Ukija na mzani na hela mkononi ukanunua unga wangu leo, zebaki sitaigusa tena, na hakuna haja ya semina.

Ritoti tuliletewa kwenye kikundi. Moja, wanawake wote. Ikafungiwa kwa mwenyekiti. Ukiitaka jioni yeye hayupo. Halafu ukichomea humo huoni donge lako, na mwenzako akisema limepungua unamjibu nini? Watengeneze ndogo, kila mtu na yake, yenye kioo tuone.

---

Kisiki cha Mpingo

Mleta mada naheshimu uzoefu wako, ila naona tumeingia mtegoni. Wamarekani walichimba dhahabu California kwa zebaki karne ya 19, wakatajirika. Leo wanatupangia tarehe. Migodi mikubwa hapa inatumia sainaidi kwa matani, hiyo hamuiitii semina. Mkataba ni wa kumtoa mnyonge ili eneo libaki kwa mwekezaji.

---

Kijana wa Mgusu

Mkuu Kisiki, hofu ya eneo kuchukuliwa ni ya kweli na siidharau. Lakini huo mfano wa California unanisaidia mimi. Zebaki ile ya miaka zaidi ya 150 iliyopita bado imo kwenye mito yao, na mpaka leo wananchi wa kule wanatangaziwa samaki gani wasile. Utajiri uliisha, zebaki imebaki. Tukilijua hilo halafu turudie kwenye Ziwa Victoria, tutakuwa tumewaonea wajukuu wetu sisi wenyewe.

Kuhusu wakubwa: baada ya bwawa la Baia Mare kule Romania kupasuka Januari 2000 na sainaidi kuingia mto Tisza hadi Danube, ilitungwa kanuni ya kimataifa ya sainaidi yenye ukaguzi wa nje. Baada ya Brumadinho, Brazili, 2019, watu 270 walipokufa, ukaja mwongozo wa kimataifa wa mabwawa ya tope, 2020. Ni za hiari, zina mapungufu. Ila vati za kati, kama hizi ninazofanyia kazi, haziguswi na lolote kati ya hayo.

---

Wakili wa Kijiji

Niongeze la haki. Wananchi waliozunguka mgodi wa almasi wa Mwadui walipodai kunyanyaswa na walinzi, kesi ilifika London kwa sababu mwenye hisa kubwa wakati ule, Petra Diamonds, ilikuwa kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la huko. Mwaka 2021 yakafikiwa makubaliano ya pauni milioni 4.3, na ukawekwa utaratibu wa malalamiko kwenye mgodi. Njia hiyo ilifunguka kwa sababu kulikuwa na kampuni yenye jina na ofisi.

Mama Nyarugusu akishitaki leo kwa mikono yake kutetemeka, atamshitaki nani? Mwenye duara? Aliyemuuzia zebaki kwa kichupa? Ndiyo maana nimeipenda hoja ya anwani. Masharti ya leseni yanatekelezeka. Lakini wekeni pia haki ya kupimwa afya: mkataba unataka mpango wa taifa uwe na mkakati wa afya ya umma na wa kuwalinda watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Zahanati ya kijijini inapima malaria tu. Kupimwa mkojo kwa zebaki hiyo zahanati haiwezi, na bila kipimo hakuna ushahidi wa kupeleka popote.

---

Jirani wa Macalder

Habari zenu ndugu zangu wa Tanzania. Hapa Migori, Kenya, mambo ni yaleyale, majina tu ndiyo tofauti. Wanawake wanaosha, tajiri wa sainaidi ananunua mchanga uliobaki kwa bei ya kutupa. Mradi wa planetGOLD, unaofadhiliwa na Mfuko wa Mazingira Duniani, umefanya kazi Kenya na Uganda pia, na mafunzo yake yalikuwa mazuri kusema kweli.

Shida yangu na pendekezo lako ni mpaka. Mkiwakataza wenye vati huko Mara wasipokee marudio yenye zebaki, lori litavuka kuja huku wiki hiyohiyo. Na sisi tukikaza, litavuka kuja kwenu. Zebaki yenyewe tayari inasafiri hivyo. Hili jambo liende Arusha, sharti liwe moja kwa Jumuiya yote ya Afrika Mashariki, la sivyo mtaumiza wenu tu.

---

Bukavu Kwetu

Bandugu, mimi niko Kivu ya Kusini, Kongo. Jirani wa Macalder amesema ukweli, na sisi tumeyaona na madini mengine. Desemba 2010 marais wa Maziwa Makuu walitia sahihi Lusaka, nchi za ule Mkutano wa Kimataifa wa Kanda yetu wakakubali cheti kimoja cha madini. Magunia ya koltani na kasiteriti yakaanza kufungwa tagi. Kuna udanganyifu, tagi zinauzwa, lakini angalau gunia linaonekana, na viwanda vya kuyeyusha duniani ni vichache, mnunuzi anaweza kuuliza.

Dhahabu ya Kamituga inaingia mfukoni. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaandika kila mwaka kwamba nyingi inatoka kwa magendo kupitia majirani, halafu Dubai. Ukiweka sharti gumu bila bei nzuri, mtu anachagua mfuko. Kwa hiyo nauliza: huyo mwenye vati akinunua unga safi, atapata bei gani zaidi ya yule aliyenunua mchafu? Kama ni sawasawa, hakuna atakayekufuata.

---

Mzee wa Kaboni

Nimesoma kimya, sasa nijibu kwa kuwa natajwa. Mimi ni mwenye vati. Marudio nanunua, yana zebaki, najua. Vijana wangu wa tanuru nimewanunulia barakoa, ila nakiri zile za kitambaa hazizuii mvuke.

Kununua unga kabla ya zebaki nilijaribu. Nikapima sampuli, nikalipa, vati ikatoa pungufu. Mawe ya duara moja hayafanani asubuhi na jioni. Hasara ile nilibeba mwenyewe, na benki niliyoiendea ilitaka hati ya nyumba. Kama sharti litakuja, mje na mfuko wa kubeba hasara ya sampuli angalau mwanzoni, na maabara isiyo yangu wala ya mchimbaji. Hapo nitatia sahihi.

---

Kijana wa Mgusu

Mzee wa Kaboni, shikamoo, na asante sana. Umesema kitu ambacho hakipo kwenye ripoti yoyote niliyosoma: hasara ya sampuli. Hiyo ndiyo kazi ya fedha za kimataifa. Badala ya kulipia posho za warsha, mfuko wa dhamana ulipe tofauti pale vati inapotoa chini ya kipimo, kwa kiwango kilichokubaliwa. Maabara tunaweza kuanzia kwenye vituo vya mfano vya STAMICO (shirika la madini la taifa) vya Lwamgasa, Katente na Itumbi. Vinatumia kaboni bila zebaki, na vilijengwa kwa ajili ya watu kama sisi.

Bukavu Kwetu, swali lako la bei ndilo gumu kuliko yote. Kwa Tanzania naona mlango mmoja. Tangu Oktoba 2024 wenye leseni na wafanyabiashara wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu isafishwe na kuuzwa ndani, na Benki Kuu inanunua. Mnunuzi mkubwa tunaye hapa nyumbani. Benki Kuu ikiongeza kitu kwenye bei ya dhahabu iliyothibitishwa haikupita kwenye zebaki, au dhahabu hiyo ikipunguziwa ada ya ukaguzi, Mzee wa Kaboni ana sababu ya kuchagua unga safi. Bei ya dunia ilivuka dola 4,000 kwa wakia Oktoba 2025, nafasi ya kutoa nyongeza hiyo ipo. Kwa Kongo, ambako dhahabu inatoka mfukoni, njia hii haitoshi na sitaki kuwadanganya. Nyinyi mnahitaji Dubai ibanwe kwanza.

Jirani wa Macalder, la mpaka nalichukua lilivyo.

---

Mama Nyarugusu

Mkiwa mnaandika hilo pendekezo, mchanga wetu wa kwenye karai msiusahau. Mnasema kununua unga kutoka karasha. Mwenye mawe ni mwanaume, sisi wengi tunaosha yale yaliyomwagika na kupekua marudio. Unga ukienda wote kwenye vati, sisi tumeondolewa kazini siku hiyo.

---

Kijana wa Mgusu

Dada, hilo sikuwa nimeliona na ni zito. Wakili wa Kijiji na Mzee wa Kaboni, kabla hatujaandika chochote: mnaonaje vikundi vya akina mama vikawa ndivyo wakala wa kununua unga na kuchukua sampuli, kwa kamisheni, vati ikinunua kutoka kwao? Wanalijua jiwe kuliko mpimaji yeyote. Sheria ya leseni inaruhusu kikundi kufanya hivyo, au itabidi waombe leseni ya wakala wa madini?